Kupanda mti ni siku moja, kuulea ni miaka miwili

Usione vyaelea, vimeundwa. Mnamo Novemba 2020, wakati barabara ya Nairobi Expressway ilipokuwa ikijengwa, wakazi wa jiji walisimama kidete kuutetea mugumo mmoja mkubwa uliokuwa kando ya barabara ya Waiyaki Way, katika mtaa wa Westlands. Mti huo, ambao umri wake ulikadiriwa kuwa karibu miaka 100, ulikuwa ung'olewe kupisha barabara. Makelele yalipozidi, amri ilitolewa kwamba uachwe pale pale ulipo.

Hilo lilikuwa jambo la kupongezwa. Hata hivyo, ni wachache waliojiuliza swali la pili: je, mugumo, muiri au mutamaiyo ambao wajukuu wetu watautetea miaka 100 ijayo unapandwa na nani, na unapandwa wapi? Serikali ina misitu yake, lakini jiji nalo lina nyua nyingi, viwanja vya shule, na vile vipande vya ardhi nyuma ya nyumba ambavyo aghalabu huota magugu na kutupwa makopo. Huko ndiko familia yaweza kuanza. Jambo la kufahamu mapema ni kwamba kuchimba shimo na kuingiza mche ndiyo kazi nyepesi. Kazi yenyewe huja baadaye, wakati mvua imekwisha na watu wamesahau.

SIKU YA SHEREHE NA SIKU ZINAZOFUATA

Hapa Kenya hatuna upungufu wa siku za kupanda miti. Katiba ya 2010 inaitaka serikali kuhakikisha kwamba angalau asilimia 10 ya ardhi ya nchi imefunikwa na miti. Mwishoni mwa 2022 ulizinduliwa mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia 2032. Tarehe 13 Novemba 2023 ikafanywa sikukuu ya kitaifa, na wananchi wakahimizwa wapande miche milioni 100 kwa siku hiyo moja.

Lakini tazama kalenda. Mche unaotiwa ardhini katikati ya Novemba hupata mvua za vuli kwa wiki chache tu. Mara Desemba inafika, mvua zinapungua, shule zimefungwa na familia nyingi zinasafiri mashambani kwa Krismasi. Wanaporudi, jua la Januari na Februari limekwisha kufanya lake. Kijiti kikavu ndicho kinachowalaki langoni.

Marehemu Profesa Wangari Maathai, aliyetunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka wa 2004, alilijua jambo hili vyema. Mnamo Juni 5, 1977, yeye na wenzake walipanda miti saba katika uwanja wa Kamukunji jijini Nairobi, na huo ukawa mwanzo wa vuguvugu la Green Belt. Mingi kati ya miti hiyo haikufika utu uzima. Vuguvugu hilo baadaye likaweka utaratibu wa kuwalipa akina mama kitu kidogo kwa kila mche, si siku ya kupandwa bali baada ya mche kuonekana umeshika na unaishi. Katika utaratibu huo mna hekima ambayo hata familia yenye mti mmoja yaweza kuifuata: hesabu mti unaoishi, usihesabu shimo ulilochimba.

KWA NINI MITI YA KIASILI?

Miti mingi tunayoiona kila siku si ya hapa kwetu. Mikaratusi na migrivilea ilitoka Australia. Mijakaranda, ambayo hulipamba jiji kwa maua ya zambarau kila ifikapo Oktoba, asili yake ni Amerika Kusini. Mitarakwa ya kigeni tunayoipanda kuwa ua ilitoka Meksiko na nchi jirani zake. Bustani ya miti ya Nairobi Arboretum yenyewe ilianzishwa mwaka wa 1907 ili kuijaribu miti ya kigeni inayokua upesi, kwa kuwa garimoshi za wakati huo zilitumia kuni.

Miti hiyo ina manufaa yake, na si nia yetu kuipiga vita. Mgrivilea umewajengea wengi nyumba na kuwapikia wengi chakula. Walakini, mti wa kiasili una jamaa wengi ambao mgeni hana. Ndege wa hapa wanayajua matunda yake, nyuki wanayajua maua yake, na vipepeo wanajua ni jani lipi la kutagia mayai. Aidha, wazee wetu wanajua kazi za gome, jani na mzizi wake.

Chukua mfano wa muiri, ambao Waluhya huuita mwiritsa na Wakalenjin huuita tendwet. Gome lake lilianza kununuliwa na watengenezaji wa dawa wa Ulaya ili kutibu uvimbe wa tezi ya kibofu unaowasumbua wanaume wenye umri mkubwa. Biashara ikanoga, na katika sehemu nyingi za Afrika miti ikachunwa gome kuzunguka shina lote. Mti ukichunwa hivyo hufa. Kufikia 1995, muiri ulikuwa umeingizwa katika orodha ya mkataba wa kimataifa wa CITES, ambao hudhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Mti ambao dunia nzima inautafuta waweza kuota nyuma ya nyumba yako huko Kikuyu, Limuru au Ngong, mradi tu uwe na nafasi.

CHAGUA MTI UNAOLINGANA NA UWANJA

Kosa linalofanyika sana ni kuchukua mche wowote unaotolewa bure na kuutia popote penye nafasi. Kabla ya kununua chochote, pima uwanja wako kwa hatua. Tazama juu kama kuna nyaya za umeme. Uliza bomba la maji, bomba la maji machafu na tangi la choo vimepita wapi. Kisha tazama udongo.

Upande wa magharibi na kaskazini mwa Nairobi, mathalan Kabete, Kikuyu na Kiambu, udongo ni mwekundu, una kina na haushiki maji. Hapo miti mingi ya nyanda za juu hustawi. Upande wa mashariki, kuanzia Embakasi kuelekea Athi River, kuna ule udongo mweusi unaonata kama gundi mvua inaponyesha na kupasuka nyufa jua linapowaka. Huko miti mingi ya mlimani hutaabika.

Kwa ua mdogo wenye udongo mwekundu, siala ni chaguo zuri. Wakikuyu huuita muu, nao Waluhya lusiola. Hukua upesi, haupanuki sana, na hutoa maua ya manjano yanayopendeza. Mwingine ni muthiga, ambao Wamaasai huuita osokonoi. Majani yake hung'aa na kivuli chake ni kizito. Gome lake huwasha ulimini kama pilipili, nalo hutafunwa kwa sababu ya kikohozi na maumivu ya meno.

Mwenye nafasi ya wastani aweza kupanda murarachi, ambao ukichanua maua yake ya waridi hufunika mti mzima, au muringa, ambao maua yake meupe hupendwa na nyuki. Mutamaiyo, yaani mzeituni wa mwituni ambao Wamaasai huuita oloirien na kutumia moshi wake kusafishia vibuyu vya maziwa, hustahimili ukame sana. Tatizo lake ni kwamba hukua polepole. Anayeupanda na awe mtu wa subira.

Muiri, podo na mukinduri huwa miti mikubwa. Iweke mbali na nyumba, angalau mita 8 hadi 10. Mugumo na Nandi Flame yahitaji nafasi kubwa zaidi: mugumo kwa sababu ya mizizi yake yenye nguvu, na Nandi Flame kwa sababu matawi yake huvunjika kwa urahisi kukiwa na upepo. Hiyo ni miti ya viwanja vya shule na makanisa, si ya ploti ya futi 40 kwa 80.

Mwenye udongo mweusi asikate tamaa. Ule mgunga wenye gome la manjano, unaoonekana kwa wingi kando ya Ziwa Naivasha, huvumilia udongo unaotuama maji. Uupande mbali na nyumba na njia ya watoto, kwa sababu una miiba. Wasomaji wetu wa Pwani nao wana mkwaju, mbambakofi na mvule, ilhali walio Kisumu na viunga vyake wana siala na mvule.

Onyo moja kwa wazazi: si kila mti wa kiasili unafaa karibu na watoto. Msunguti una utomvu uliotumiwa tangu zamani kutia mishale sumu. Usiupande nyumbani hata ukiambiwa kwamba maua yake yananukia vizuri.

JINSI YA KUUTAMBUA MCHE BORA

Miche ya kiasili hupatikana katika vitalu vya Shirika la Misitu, kwa Taasisi ya Utafiti wa Misitu (KEFRI) yenye makao yake Muguga, na kwa wauzaji wa kando ya barabara. Usiende kung'oa miche msituni bila idhini, hata ukiiona imeota mingi chini ya mti mkubwa.

Wengi huvutiwa na mche mrefu kuliko yote. Huenda huo ndio mbaya kuliko yote, kwani umekaa katika mfuko wake muda mrefu mno na mizizi imejizungusha kama kamba. Tafuta mche wenye urefu wa kati ya sentimita 30 na 50, shina nene lililoanza kuwa gumu kama mti, na majani yasiyo na madoa. Inua mfuko utazame chini. Ukiona mzizi mnene umetoboa na kuingia ardhini, achana nao, maana utakatika utakapoinuliwa.

Muulize muuzaji pia kama mche umezoeshwa jua. Mche uliolelewa kivulini na kutolewa juani ghafla huungua majani. Ukiwa na shaka, uweke nyumbani mahali penye jua la asubuhi tu kwa wiki mbili kabla ya kuupanda.

SHIMO NA SIKU YA KUPANDA

Kwa wakazi wa Nairobi, majira bora ni mwanzo wa mvua za masika, mwishoni mwa Machi na katika Aprili. Sababu ni kwamba baada ya masika huja Juni, Julai na Agosti, miezi ya baridi na mawingu, ambapo udongo haukauki upesi. Mche hupata miezi kadhaa ya kushika mizizi kabla ya joto la Septemba. Anayepanda wakati wa vuli apande mara tu mvua zinapoanza, naye ajitayarishe kutia maji Januari na Februari bila kukosa.

Chimba shimo wiki mbili au tatu kabla ya mvua. Liwe na upana wa futi mbili na kina cha futi moja na nusu hadi mbili. Unapochimba, weka udongo wa juu upande mmoja na wa chini upande wa pili. Ule wa juu ndio wenye rutuba. Uchanganye na nusu debe ya samadi iliyooza kabisa, yaani isiyo na joto wala harufu kali. Samadi mbichi huunguza mizizi.

Siku ya kupanda, ngoja mpaka ardhi ilowe futi moja kwenda chini. Panda jioni au siku ya mawingu. Mwagilia mche kwanza, kisha pasua mfuko wa plastiki kwa wembe na kuuondoa wote. Wako watu ambao hupanda mche pamoja na mfuko wake wakidhani utaoza. Hauozi, na mti hujinyonga humo. Usibomoe ule udongo ulioshikamana na mizizi.

Utumbukize mche kwa kiasi kile kile ulichokuwa kitaluni, usizike shina. Jaza udongo huku ukiushindilia taratibu kwa mguu ili usiache mapengo ya hewa. Kisha tengeneza ukingo wa mviringo kuuzunguka, mithili ya sahani, ili maji yakimwagwa yasitoroke.

Maliza kwa kutandaza nyasi kavu au majani juu ya udongo, unene wa vidole vinne. Matandazo haya huzuia jua lisifyonze maji na hupunguza magugu. Yasiguse shina, acha nafasi ya kiganja kuzunguka, la sivyo shina litaoza au mchwa watapata ngazi ya kupandia.

MAJI, MWAKA WA KWANZA NA WA PILI

Hapa ndipo miti mingi hupotea. Mtu humwaga kikombe cha maji kila jioni na kuridhika kwamba ametimiza wajibu. Kikombe hulowesha inchi moja ya juu tu, na mizizi hufuata maji huko huko juu. Siku mwenyewe akisafiri, mche hauna akiba.

Ni afadhali kumwaga lita 10 polepole mara mbili kwa wiki wakati wa kiangazi cha kwanza, ili maji yazame na mizizi iyafuate chini. Kiangazi cha pili, lita 15 mara moja kwa wiki aghalabu zatosha. Kabla ya kumwagilia, chomeka kijiti ardhini karibu na mche. Kikitoka na udongo mbichi, ngoja. Maji mengi kupita kiasi nayo huua, hasa katika udongo mweusi.

Najua msomaji atasema kwamba mtaani kwake maji ya mfereji huja siku mbili kwa wiki. Si lazima yawe maji safi. Yale yaliyooshea mchele, mboga au matunda yanafaa sana. Yaliyosuuzia nguo yanafaa pia yakiwa na sabuni kidogo, lakini usitumie yenye dawa ya kung'arisha nguo.

Kwa familia inayosafiri Desemba, kuna njia rahisi. Chukua chupa ya plastiki ya lita mbili, toboa kifuniko kwa sindano, ukate kitako, kisha uizike nusu yake kichwa chini karibu na mche. Maji yakijazwa humo hudondoka kidogo kidogo hadi kwenye mizizi. Ongeza matandazo, na umwombe jirani au bawabu aijaze kila baada ya siku tatu. Mwelezeni kabla ya kuondoka, naye mumpelekee chochote mkirudi. Ujirani mwema hudumu hivyo.

Baada ya viangazi viwili, mizizi ya miti mingi huwa imefika mahali penye unyevu. Hapo mti huanza kujitegemea, nawe waweza kupumua.

MAADUI WENGINE

Mbuzi mmoja aweza kumaliza kazi ya mwaka kwa dakika tano. Kuku nao hufukua matandazo, na mpira wa watoto huvunja shina. Zungushia mche vijiti vinne na kipande cha wavu au miiba. Shina likiyumba, lisimamishie kijiti na kulifunga kwa kitambaa laini bila kulikaza, kisha uondoe kijiti hicho baada ya mwaka mmoja, kwa sababu mti unaoegemea siku zote haukomai.

Palilia mduara wa mita moja kuuzunguka mche. Nyasi huonekana hazina hatia, kumbe ndizo zinazokunywa maji ya mche. Tumia mkono karibu na shina, jembe laweza kukata mizizi ya juu. Ukiona vijumba vya udongo wa mchwa shinani, vibomoe mara moja na uendelee kumwagilia, kwani mche wenye kiu ndio ushambuliwao zaidi.

Usiwe na haraka ya kupogoa. Mwaka wa kwanza majani yote yana kazi. Baadaye waweza kuondoa matawi ya chini machache, huku ukiacha theluthi mbili za mti zikiwa na majani.

WANAOISHI GHOROFANI NA WAPANGAJI

Wengi wa wasomaji wetu hawana hata hatua moja ya ardhi yao. Mpangaji atauliza: kwa nini nipande mti katika nyumba ya mtu, na mwaka ujao huenda nimehama? Swali hilo ni la haki. Kwanza, zungumza na mwenye nyumba, maana mti uliopandwa bila ruhusa ndio wa kwanza kukatwa. Pili, fikiria mahali pengine: kiwanja cha shule ya watoto, ua wa kanisa au msikiti, au nyumbani kwa nyanya mashambani, mradi huko kuwe na mtu aliyekubali kwa kinywa chake kuutunza.

Wanafunzi wa shule za mjini waweza kufanya hata zaidi. Klabu ya mazingira ikigawa miche kwa madarasa, kila mche uwe na wanafunzi wawili waliotajwa kwa majina, na zamu ya likizo iandikwe ukutani. Mche wa shule nzima hauna mwenyewe, na fumbo la ng'ombe wa wengi kufa njaa twalijua sote. Kwa anayetaka kuwaonyesha watoto miti hiyo ikiwa imekomaa, msitu wa Karura una mihugu na mitamaiyo ya asili, na huko Arboretum miti mingi imebandikwa majina.

Watoto wadogo nao wapewe kazi inayowafaa. Mmoja aupime mche kwa rula kila mwisho wa mwezi na kuandika kwenye daftari. Mwingine awe mwenye kijiti cha kupimia unyevu. Mtoto aliyeandika sentimita 38, kisha 41, kisha 47, hatakubali mche wake ukauke mwezi unaofuata.

Kabla ya mvua zijazo, basi, fanyeni kikao cha familia na mjibu maswali matatu. Uwanja wetu unaweza kubeba mti gani? Nani atatia maji Januari? Nani atabaki tukisafiri? Mkiwa na majibu, nendeni mkanunue mche mmoja tu. Mmoja unaoishi utawapa kivuli, na mbegu zake zitawapa mingine. Udongo upatilize ungali maji, na mchumia juani hulia kivulini.